900,000 au 700,000? Barua mbili za ajira za binti wa TEHAMA

Jumamosi moja ya Februari 2025, jioni, binti wa jirani yangu alibisha hodi akiwa na bahasha mbili mkononi. "Shikamoo kaka." Marahaba, karibu. Hata chai haijamiminwa, alikwisha kuzitandaza mezani. Zote mbili zilikuwa barua za kazi, zote zilitaka jibu kabla ya Ijumaa, na yeye, baada ya kutafuta kwa zaidi ya miaka miwili, hakujua ashike ipi. Kisa hiki nakisimulia kwa ridhaa yake. Majina nimeyaacha na vitu vichache nimevibadilisha asitambulike, ila hesabu ni zilezile.

Alihitimu shahada ya sayansi ya kompyuta mwaka 2022. Tangu hapo alikuwa kwenye stationery moja Sinza, Dar es Salaam, akichapa barua, akitoa nakala na kuwajazia watu maombi: Bodi ya Mikopo, Ajira Portal, namba ya mlipakodi. Siku ikiwa nzuri alirudi nyumbani na shilingi 7,000. Mara moja aliitwa usaili wa Sekretarieti ya Ajira, akavuka mtihani wa mchujo, akaishia kwenye mahojiano ya ana kwa ana. Nyumbani ni wa kwanza kuzaliwa, ana mdogo wake kidato cha tatu, na mama anauza vitenge vya kukopesha. Nayataja haya mapema kwa sababu ushauri wowote wa kazi usioangalia nani anakula kwa mshahara huo ni ushauri wa mtu mwingine.

Barua ya kwanza ilitoka kampuni ya usafirishaji wa mizigo, ofisi iko Barabara ya Nyerere. Cheo: Afisa TEHAMA. Mshahara shilingi 900,000 kabla ya makato, mkataba wa mwaka mmoja. Ya pili ilitoka ofisi ndogo ya kutengeneza mifumo ya kompyuta, eneo la Makumbusho, yenye watu saba, watano kati yao waandishi wa programu. Wanatengeneza mifumo ya SACCOS (vyama vya akiba na mikopo) na shule, na kuiunganisha na malipo ya simu. Hawa walimwandikia 700,000 kwa mwezi, na chini yake mstari ambao yeye alikuwa ameupigia alama kwa furaha: "Malipo haya hayatakuwa na makato zaidi ya kodi ya zuio ya asilimia 5."

"Kaka, hii ya pili si ndiyo inabaki nyingi?" aliniuliza.

Swali lake lilikuwa zuri kuliko alivyodhani, na tulilifanyia kazi kwa karatasi na kalamu.

Tulianza na 900,000. Mchango wake wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ni asilimia 10, yaani 90,000, unaotolewa kabla ya kukokotoa kodi. Zinabaki 810,000 za kutozwa PAYE, yaani kodi ya mshahara. Kwa viwango vilivyokuwepo, 270,000 za mwanzo hazitozwi kitu. Kutoka hapo hadi 520,000 ni asilimia 8, sawa na 20,000. Kutoka 520,000 hadi 760,000 ni asilimia 20, sawa na 48,000. Zile 50,000 za juu zinaangukia kwenye asilimia 25, ni 12,500. Jumla ya kodi ni 80,500. Kisha Bodi ya Mikopo. Alisoma kwa mkopo, muda wa miezi 24 baada ya kuhitimu ulikuwa umekwisha, kwa hiyo mwajiri angemkata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, yaani 135,000. Mkononi: 594,500.

Barua ya pili: 700,000 toa asilimia 5, ni 665,000. Mkononi anazo nyingi zaidi kwa 70,500 kuliko kwenye barua yenye namba kubwa. Alitabasamu. Nilimwambia asubiri kidogo.

Mstari ule wa "bila makato" ulimaanisha kwamba ofisi ile haikuwa inamwajiri. Ilikuwa inamchukua kama mtoa huduma, sawa na mtu anayeleta gari la maji. Asilimia 5 hiyo ni malipo ya awali tu ya kodi. Hesabu kamili angepaswa kuifanya mwenyewe na TRA, mamlaka ya kodi, mwisho wa mwaka. Deni la Bodi lingekuwa palepale, ila sasa angebeba mwenyewe wajibu wa kulilipa. NSSF hakuna, wala ile asilimia 10 nyingine ambayo mwajiri huiongeza juu ya mshahara. Likizo ya siku 28 hakuna. Akianguka na pikipiki akipeleka kifaa kwa mteja, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi haumtambui. Na wakimchoka, wanaacha tu kumlipa.

Nikamwomba asome barua yote kwa sauti. Aripoti saa 2 asubuhi. Atumie laptopu ya ofisi. Apangiwe kazi na msimamizi. Asifanye kazi kwa mtu mwingine bila idhini ya maandishi. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, kifungu cha 61, inasema mtu anadhaniwa kuwa mwajiriwa, bila kujali mkataba umemwita nani, ikiwa kipo hata kimoja kati ya vigezo kadhaa: namna yake ya kufanya kazi au saa zake zinaongozwa na mwingine, ni sehemu ya taasisi hiyo, anapewa vitendea kazi, anategemea kipato cha huyo mmoja, au amefanya kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Barua ile ilikuwa navyo karibu vyote. Kwa hiyo ilikuwa ni ajira iliyovishwa nguo ya huduma, na tofauti ya bei ya nguo hiyo ilikuwa inatoka mfukoni mwake.

Hili naliona kila mwezi kwa vijana wa TEHAMA, pengine kuliko fani nyingine, kwa sababu kazi yetu inafanana sana na kazi ya mkandarasi. Kuna laptopu, kuna mradi, kuna tarehe ya kukabidhi. Sisemi wote wanaofanya hivyo ni wezi. Ofisi nyingi ndogo zinaishi kwa malipo ya wateja wanaochelewa miezi mitatu, na wenye ofisi wanaogopa kila wajibu wa kila mwezi. Lakini kijana anayepewa barua hiyo anapaswa kujua anachouziwa.

Tulipoandika hesabu upya, safari hii tukichukulia kwamba 700,000 zile ni mshahara wa ajira ya kweli, ilikuja hivi: NSSF 70,000, kodi 42,000, Bodi 105,000, mkononi 483,000. Pengo halisi la mkononi kati ya barua mbili, zikiwa zote ni ajira, ni 111,500 kwa mwezi. Kwenye karatasi lilikuwa 200,000. Na hapa nikamtahadharisha asije akajidanganya upande wa pili: pesa ya Bodi haipotei, inapunguza deni lake, na ya NSSF inabaki kwa jina lake. Anayekatwa nyingi kwa vitu hivyo viwili naye anajijenga. Kilichopotea kabisa kwake ni kodi peke yake. Lakini mama hanunui unga kwa salio la NSSF, ndiyo maana ile 111,500 ndiyo tuliyoiweka katikati ya meza. Kwa mwaka ni 1,338,000.

Sasa, kwa nini mtu aache 1,338,000?

Nilimrudisha kwenye barua ya kwanza, kipengele cha majukumu. Kilikuwa na mistari kumi na mmoja. Kutunza mtandao wa ofisi, kompyuta na printa. Kusimamia kamera za ulinzi. Kusimamia mfumo wa kufuatilia malori. Kutunza tovuti na kurasa za mitandao ya kijamii. Kununua vifaa. Kusaidia idara ya fedha kwenye mfumo wa hesabu. "Na kazi nyingine yoyote utakayopangiwa." Na mwisho: apatikane kwa simu wakati wowote atakapohitajika.

Nilimuuliza, kwenye kitengo cha TEHAMA mko wangapi? Akasema ni yeye tu. Na aliyekuwepo kabla yake aliondoka kwa nini? Hakuwa ameuliza.

Hapa lazima niseme ninakotokea, maana ushauri wangu una kovu ndani yake. Kazi yangu ya kwanza nilikuwa fundi pekee wa kompyuta kwenye kampuni moja, miaka mitatu. Mshahara ulikuwa mzuri kwa wakati ule na kila mtu alinihitaji. Nilibadilisha wino, nilivuta nyaya, niliwafungulia mabosi simu zilizojifunga. Hakuna aliyewahi kukagua kazi yangu, kwa kuwa hakuna aliyeielewa. Mfumo ukiwaka, mimi hodari. Ukizima, mimi mbaya. Mwaka wa tatu niliitwa usaili benki. Wakaniuliza: mara ya mwisho ulirejesha lini data kutoka kwenye bekapu, yaani nakala za akiba, ili kuthibitisha kwamba inafanya kazi? Bekapu nilikuwa nazo. Kurejesha kwa majaribio sikuwahi, na sikujua kwamba ni jambo la kufanya. Wakauliza mabadiliko kwenye seva tunayaandika wapi, nani anayaidhinisha. Niliyafanya kichwani, usiku, peke yangu. Nilitoka pale nikiwa na miaka mitatu kwenye wasifu wangu na uzoefu wa kama miezi sita uliorudiwa mara nyingi. Iliniuma sana, na bado naikumbuka.

Kinachomkuza mtu miaka miwili ya mwanzo ni jicho la mtu mwingine juu ya kazi yake. Mtu wa kumwambia swali lako la hifadhidata, ile amri ya kuchota data, linajibu sahihi lakini litakwama siku data zikifika milioni. Mtu wa kumkatalia mabadiliko yake na kumweleza sababu. Kozi za mtandaoni zinafundisha lugha ya programu, tena vizuri. Hazifundishi kwa nini malipo ya mwanachama wa SACCOS yameingia mara mbili na mhasibu amekaa anasubiri jibu.

Ofisi ya Makumbusho ilikuwa na watu hao. Alikuwa amefanya usaili pale kwa saa mbili, wakampa ripoti yenye kosa airekebishe, kisha mmoja wao akakaa naye akamwonyesha alipokosea. Kwangu mimi ile nusu saa ya mwisho ilikuwa na thamani kuliko mistari yote ya barua. Watu wanaomfundisha asiyeajiriwa bado, watamfundisha akiajiriwa.

Kuna jambo la saa pia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, na za ziada zilipwe mara moja na nusu. Saa 45 kwa wiki ni kama saa 195 kwa mwezi, kwa hiyo 900,000 ni kama shilingi 4,600 kwa saa. Lakini malori hufika usiku, mfumo wa ufuatiliaji hukatika usiku, na barua ilisema apatikane wakati wowote bila kutaja malipo ya ziada. Akiitwa saa kumi tu za ziada kila wiki bila kulipwa, saa yake inashuka hadi kama 3,800. Ya Makumbusho ni kama 3,600. Pengo karibu limekwisha, na hapo hatujahesabu bodaboda ya saa 5 usiku.

Hata hivyo sikumwambia achague ya pili. Kama ilivyokuwa, ilikuwa mbaya. Nilimwambia aende akaombe igeuzwe.

Aliogopa. Miaka miwili ya stationery inamfundisha mtu kushukuru chochote. "Kaka, wakisema basi tuachane?" Nikamwambia ndiyo maana ile ya 900,000 hujaijibu bado, una siku tano, na barua ya kwanza ni kiti chako cha kukalia wakati unaongea. Asiyekuwa na barua nyingine mkononi ningemshauri kwa tahadhari zaidi, pengine angeanza kazi kwanza na kulidai hilo baada ya miezi mitatu. Tuliandika pamoja maombi matatu, mafupi: mkataba wa ajira badala ya huduma, kwa kiasi kilekile cha 700,000; NSSF ilipwe kama sheria inavyotaka; na mapitio ya mshahara baada ya miezi sita, yaandikwe ndani ya mkataba. Hakuomba nyongeza ya hata shilingi moja. Hilo lilikuwa la makusudi. Kwa mwajiri, kugeuza barua ile kulimwongezea 70,000 za NSSF na 3,500 za Mfuko wa Fidia kila mwezi. Ukimwongezea mtu mzigo wa 73,500, usimwongezee na mwingine siku hiyohiyo.

Jumatano alikwenda. Mkurugenzi, kijana wa makamo tu, alimsikiliza, akasema ofisi ni changa, akasema wengine hapa wanalipwa hivihivi hawalalamiki. Binti akamjibu kwa adabu kwamba halalamiki, anaomba kuelewa, na kwamba ana barua nyingine inayomjibu mambo hayo matatu. Hakutaja kiasi cha barua hiyo. Alhamisi jioni aliletewa mkataba mpya. Mawili walikubali kama yalivyo. Kwenye la tatu waliandika mapitio "yatategemea hali ya biashara." Nilimwambia maneno hayo yanaweza kumeza ahadi yote, lakini tarehe imeandikwa, na tarehe ni kitu cha kushika. Akatia saini.

Alianza Machi 2025. Miezi minne ya mwanzo alikuwa dawati la msaada: simu za wahasibu wa SACCOS, nywila zilizosahaulika, ripoti zisizokubali kuchapwa. Alinipigia simu mara mbili akilia kwamba hii si sayansi ya kompyuta. Nilimsihi avumilie kwa sharti moja, kila tatizo alilolitatua aliandike kwenye daftari, chanzo chake na namna lilivyotatuliwa. Katika mwezi wake wa tano kazini mmoja wa wakubwa aliliona daftari lile. Akagundua kwamba theluthi ya simu zote zinatokana na kitu kimoja, namna mfumo ulivyolinganisha malipo ya simu na akaunti za wanachama. Wakampa akirekebishe, chini ya jicho la mkubwa huyo. Ilimchukua wiki sita, kazi ilirudishwa mara tatu, na hapo ndipo alipojifunza PostgreSQL, programu ya hifadhidata, kwa kweli, na kutumia Git, chombo cha kutunza matoleo ya kazi, na wenzake badala ya kuhifadhi mafaili yenye majina ya "mpya", "mpya2", "mpya ya mwisho". Kutoka dawati la msaada hadi kuandika programu ni njia ndefu ambayo wengi hawaipiti, hubaki kwenye simu miaka mitano. Yeye aliipita kwa sababu kulikuwa na chumba cha jirani cha kuhamia.

Upande wa pesa haukwenda vizuri kama upande wa kazi. Mapitio ya Septemba hayakufanyika. Alikumbusha kwa barua pepe mara mbili, wakamwambia mteja mkubwa hajalipa. Yalifanyika Novemba, na mshahara ukawa 800,000. Makato: NSSF 80,000, kodi 60,000, Bodi 120,000. Mkononi 540,000, bado pungufu kwa 54,500 ukilinganisha na barua aliyoikataa. Miezi ile minane ya 483,000 ilikuwa migumu hasa. Mdogo wake alichelewa kurudi shule wiki mbili kwa sababu ya michango na vifaa, na mama aliuliza, bila hasira, kama kweli ile kazi nyingine ilikuwa na kosa gani. Swali hilo sikuwa na jibu linaloweza kuliwa. Kama shule ya mdogo wake ingekuwa inategemea mshahara ule peke yake, bila vitenge vya mama, ningemwambia achukue 900,000 na tutafute namna ya kujifunza usiku.

Na inawezekana kabisa. Nafasi ya Barabara ya Nyerere ilikwenda kwa kijana aliyeshika nafasi ya pili kwenye usaili uleule, waliyesoma naye. Yeye hakukaa kama nilivyokaa mimi. Alichukua kompyuta mbili zilizotupwa stoo, akazifanya maabara ya Linux, mfumo endeshi unaotumika sana kwenye seva, na anajaribu kurejesha bekapu kila mwezi. Anasomea mtihani wa CCNA wa Cisco, cheti cha mitandao ya kompyuta, ambao ada yake ni dola 300. Kwa zile 483,000 za mkononi za binti hiyo ni kama mwezi mmoja na nusu wa kazi, kwa kijana huyu ilikuwa ngumu lakini inawezekana. Simu za usiku anazipata kama tulivyodhani. Kinachomnyima usingizi zaidi ni mkataba wake wa mwaka mmoja: ukifika tarehe yake unakwisha wenyewe, na mpaka wiki ya mwisho hakuwa ameambiwa kama utahuishwa. Kwa wataalamu sheria inaruhusu mikataba ya muda maalumu, kwa hiyo hakuna kosa hapo, ila mtu hawezi kupanga maisha juu ya tarehe.

Binti sasa anajiandaa kwa mapitio mengine. Safari hii sikushika kalamu. Alikuja na karatasi amekwisha kuijaza: kazi ya kulinganisha malipo aliyoitengeneza, idadi ya simu za wahasibu kabla na baada kutoka kwenye daftari lake, mifumo miwili ya shule anayoitunza mwenyewe. Anaomba 1,050,000. Chini kabisa alikuwa ameandika kwa penseli: NSSF 105,000, kodi 114,250, Bodi 157,500, mkononi 673,250. Nilizipitia namba zote mara mbili. Hazikuwa na kosa.